Kurasa Nilizozitupa

Nilitupa kurasa za albamu ya watu. Nilizitupa kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu timamu, nikiamini kwamba ninaiokoa albamu yenyewe. Hakuna aliyenituma wala aliyenipotosha. Picha zilizokuwamo zipo mpaka leo, safi, zimehifadhiwa vizuri. Nyingi kati yake hazina majina, na hazitapata majina tena.

Ninayaandika haya kwa sababu kosa hili halikuwa la uzembe. Mtu mzembe angeiacha albamu ile kabatini, na leo ingekuwa nzima. Mimi niliiharibu kwa bidii, baada ya kusoma na kufikiri. Na wewe unayesoma, kama una mkoba wa barua za babu yako au albamu ya shangazi yako, unaweza kufanya hayohayo kesho, kwa nia njema vilevile.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya karatasi na vitu vya koo za zamani za Unguja, zile zilizoishi katika majumba makubwa ya Mji Mkongwe: jamaa wa nyumba ya kifalme ya Busaidi, wenye mashamba ya karafuu, makadhi na masheikh, matajiri wa biashara. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wengi wao walitawanyika. Kuna waliokwenda Maskati na Dubai, kuna waliovuka kwenda Dar es Salaam na Mombasa, kuna waliofika Uingereza. Anayeondoka kwa haraka huchukua watoto na dhahabu. Sanduku la karatasi hubaki kwa jirani, au kwa jamaa aliyechagua kubaki, likakaa uvunguni mpaka siku nyumba inapouzwa au paa linapoanza kuvuja. Hapo ndipo hutafutwa mtu kama mimi.

Ndani ya masanduku hayo nimekuta barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zinazoanza kwa "Ila janabi" na mlolongo wa heshima za mwandikiwa kabla ya neno lenyewe kufika. Nimekuta barua ambazo mwandishi alimaliza ukurasa, akaigeuza karatasi na kuendelea pembeni, mstari kwa mstari, mpaka pakawa hapana nafasi ya hata kidole. Nimekuta madaftari ya mauzo ya karafuu, orodha za mahari, kadi za mialiko ya harusi, mirashi ya fedha iliyobonyea, vyetezo ambavyo bado vinanuka udi. Na nimekuta albamu.

Naipenda kazi hii kwa sababu moja. Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani ina majalada ya serikali na mawasiliano ya masultani, na bila hayo tusingeijua historia ya visiwa hivi. Lakini jalada la serikali halikwambii mama alimwandikia nini mwanawe aliyepelekwa kusoma Cairo, wala nani alikaa karibu na nani siku ya harusi, wala dada wawili walinuniana kwa sababu ya nini. Mambo hayo yamo katika karatasi za nyumbani. Zikipotea, watu wale wanabaki vyeo na mashamba tu.

Albamu ninayoizungumzia ilinifikia kwa njia ya kawaida. Nyumba ilikuwa inafanyiwa ukarabati, na kijana wa ukoo akaniomba nichukue sanduku zima nilitunze mpaka jamaa watakapoamua. Mwenye albamu alikuwa shangazi yake, aliyekwisha kufariki. Ilikuwa na jalada gumu la rangi ya maziwa lililoliwa pembeni, imefungwa kwa kamba ya hariri iliyochakaa. Kurasa zake zilikuwa nyeusi, nzito, na kati ya kila ukurasa na mwenzake palikuwa na karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga. Picha zilibandikwa kwa gundi. Nyingine zilikuwa za studio, watu wamekaa wima mbele ya pazia lililochorwa bustani. Nyingine zilikuwa ndogo, zenye kingo za meno, zilizopigwa na mtu wa nyumbani: watoto juu ya baraza, wanawake shambani wamefunika vichwa, gari mbele ya mlango wenye njumu za shaba. Na chini ya kila picha, kwa penseli nyeupe, palikuwa na maneno kwa herufi za Kiarabu.

Maneno hayo niliyaona. Siwezi kudai kwamba sikuyaona. Nilisoma chuo cha Kurani kama watoto wote wa kwetu, na herufi nazijua. Lakini kusoma msahafu wenye irabu zote ni jambo moja, na kusoma mkono wa mtu anayejiandikia mwenyewe, bila irabu, nukta nyingine ameziacha, ni jambo lingine. Nilijaribu mistari michache. Nilipata "bin" na "binti", nikapata jina la mtaa, nikachoka. Nikajiambia kwamba nitatafuta mtu wa kunisaidia baadaye. Kisha baadaye ikafika wakati kurasa hazipo.

Hivi ndivyo ilivyotokea. Nilikuwa nimejifunza kwamba karatasi nyeusi za albamu za zamani zina asidi, na kwamba asidi hiyo, ikisaidiwa na joto na unyevunyevu wa pwani, huila picha polepole na kuigeuza rangi ya kahawia. Hilo ni kweli. Nilikuwa nimejifunza pia kwamba gundi ya zamani huvutia mende na wadudu wengine. Hilo nalo ni kweli. Nikachanganya kweli hizo mbili na haraka yangu, nikaona kwamba mtu anayejali hana budi kuzitoa picha zile kabla ya masika. Nikachukua kisu butu na uzi mwembamba, nikaanza kuzibandua moja baada ya nyingine. Nilikwenda taratibu. Hakuna picha iliyochanika, na wakati ule nilijivunia hilo.

Zilipokwisha kutoka, nikazipanga upya. Nilitaka mtafiti akija aone mambo kwa mafungu: harusi upande huu, watoto upande huu, majumba, mashamba, safari, wageni. Kila fungu nililitia katika bahasha nzuri isiyo na asidi na kuiandika juu. Katikati ya kurasa nilikuta pia barua chache zilizokunjwa. Nikazitoa, nikazipeleka kwenye kasha la barua, kwa sababu barua mahali pake ni pamoja na barua. Kurasa nyeusi, pamoja na jalada, nikazitia kwenye gunia, gunia likatolewa na takataka. Nilifanya hivyo bila wasiwasi wowote.

Baada ya muda, mdogo wake mwenye albamu, bi mkubwa aliyekuwa akiishi Maskati, alikuja Unguja kuzuru jamaa. Yule kijana akanipigia simu kwamba bibi anataka kukiona "kitabu cha dada". Ndivyo walivyokiita nyumbani. Nikachukua kasha langu la bahasha na kwenda nalo. Nakiri kwamba njiani nilikuwa nikitarajia kusifiwa.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, miwani mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekileta kitabu cha dada?"

Nikamwambia kwamba nimekileta, nikamtandikia bahasha zangu mbele yake. Akazitazama. Hakugusa hata moja. Akazidi kutazama mlangoni, akidhani kuna kingine kinakuja nyuma yangu. Nikamfungulia bahasha ya harusi, nikampa picha ya juu. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu ila mabaka ya gundi.

"Hii ilikuwa kwenye ukurasa wa nani?"

Sikulielewa swali. Akalirudia kwa upole, kama mtu anayedhani mwenzake hasikii vizuri.

"Ukurasa wa nani, baba? Dada alikuwa na ukurasa wa kila nyumba. Huku wa upande wa baba, huku wa upande wa mama. Wa shamba mwishoni. Maneno yake yako wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya karatasi nyeusi, ya asidi na unyevunyevu, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia nikisema maneno ya mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hizo karatasi?"

"Nilizitupa, bi mkubwa."

Hakunikaripia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo ndilo lililonifanya nielewe ukubwa wa nilichokifanya.

"Na ule wa wanawake? Ule usio na picha?"

Niliukumbuka papo hapo. Karibu na mwisho wa albamu palikuwa na ukurasa wenye miraba iliyochorwa kwa penseli nyeupe, na chini ya kila mraba maneno mengi kuliko kwingine kote. Ndani ya miraba hapakuwa na picha. Nilidhani zilibanduka zamani au zilichanwa. Kwa kuwa ukurasa wenyewe haukuwa na picha ya kuokoa, ulikuwa wa kwanza kuingia kwenye gunia.

Bi mkubwa akanieleza. Katika ukoo wao walikuwamo wanawake ambao hawakupigwa picha kabisa, na wengine walipigwa lakini hawakutaka sura zao zikae katika kitabu kitakachofunguliwa sebuleni mbele ya wageni wanaume. Dada yake aliwachorea nafasi. Akaandika jina la kila mmoja, binti nani, mama wa nani, aliolewa wapi, alizikwa wapi. Alikuwa akisema kwamba wakikosa sura, wasikose majina.

Kwa hiyo ukurasa niliouona mtupu ndio uliokuwa na habari nyingi kuliko kurasa zote. Picha zilizobaki zilikuwa na namna ya kujieleza kidogo: nguo, nyumba, umri wa mtu. Wale wanawake hawakuwa na kingine ila maandishi yale. Na maandishi yale niliyachukua nikayatupa, kwa sababu nilikuwa natafuta picha.

Tulikaa naye siku hiyo na siku zilizofuata. Nilimpa picha moja moja, naye akanitajia alizozijua, nami nikaandika. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Lakini picha nyingine zilipigwa yeye akiwa mtoto mdogo, na nyingine zilikuwa za watu wa upande wa pili wa ukoo. Mara kwa mara alisema, "Uso naujua, jina silijui. Dada alimwandika." Kila aliposema hivyo nilishusha macho. Wa ukurasa wa wanawake aliwakumbuka baadhi. Nasaba zao kamili hakuzijua. Ndiyo maana dada yake aliziandika.

Kilichosalimika ni ukurasa mmoja, na si kwa busara yangu. Kabla ya kuanza kazi nilikuwa nimeupiga picha kwa simu ili kumwonyesha rafiki uzuri wa mpangilio wake. Tuliikuza ile picha, na mzee mmoja mjuzi wa hati za mkono akaisoma yote kwa muda mfupi. Kazi niliyoiahirisha kwa sababu niliiona ngumu ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Hasara yenyewe ni hii. Chini ya nusu ya picha zina majina. Zilizobaki ni picha za mavazi na majumba, na watu waliomo hawajulikani. Barua nilizozitoa katikati ya kurasa zipo, lakini sijui ipi ilikaa mbele ya picha ipi. Moja inasema, "Huyo aliyesimama nyuma katika picha hiyo ndiye yule uliyeniulizia." Mwenye albamu aliiweka hapo makusudi, barua na picha zifasiriane. Nilipozitenganisha, barua ile ikawa inaelekeza kidole mahali pasipo na mtu. Bi mkubwa alirudi Maskati na amekwisha kufariki. Ukoo ule ulikuwa na sanduku jingine la barua kwa jamaa wa Mombasa, nami nilikuwa nimeahidiwa kulitazama. Walinijibu kwa heshima kwamba wameonelea libaki mikononi mwao. Wana haki. Mimi pia nisingejipa.

Baadaye nilianza kusoma vizuri kazi niliyokuwa nikidhani naijua. Nikakuta kwamba nilichojifunza kwa kuharibu mali ya watu, wenye fani ya nyaraka walikwisha kukubaliana nacho tangu zamani. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa ilitoa waraka ulioagiza kwamba nyaraka zilizotoka katika ofisi moja, familia moja au mtu mmoja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine. Tazama kwamba familia imo. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walichapisha mwongozo uliokwenda mbele zaidi: mpangilio aliouweka mwenyewe mwenye nyaraka uheshimiwe, kwa sababu mpangilio nao ni habari. Mimi nilikusanya mafungu ya harusi na watoto kama mtu aliyechukua mkufu, akazitoa shanga na kuzipanga kwa rangi, kisha akautupa uzi.

Faida ya kuacha vitu pamoja inaonekana katika kisa kinachojulikana sana Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa hapa mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, akafariki Ujerumani mwaka 1924 akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Lakini mbali na kitabu hicho, aliacha maandishi mengine, yakiwamo yale aliyoyaandika kama barua za kuipelekea nchi yake habari za maisha yake ugenini. Mwanawe Rudolph Said-Ruete alikusanya vitabu na karatasi, na mkusanyo huo ukafika Leiden, Uholanzi, ukatunzwa kama mkusanyo mmoja. Mwaka 1993 E. van Donzel alichapisha kumbukumbu zile pamoja na barua zile katika juzuu moja, na leo msomaji anaweza kuiona sauti ya binti wa mfalme ikibadilika kutoka andiko moja hadi jingine. Fikiria kama mtu mwenye bidii kama yangu angezipitia karatasi hizo kwanza, akatoa za Unguja upande huu na za Ujerumani upande huu, akatupa bahasha na pambizo.

Nenda nyuma zaidi. Barua za kale kabisa za Kiswahili tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na ziko Goa, India, miongoni mwa nyaraka za Wareno. Ukizitenga na karatasi zilizo karibu nazo, utabaki na hati nzuri ya mkono na maswali mengi. Zikiwa mahali pake, zinakwambia nani alikuwa akiandikiana na nani, na kwa shughuli gani. Karatasi hupata nusu ya maana yake kwa jirani yake. Hilo ni kweli kwa barua za Kilwa, na ni kweli kwa albamu ya shangazi yako.

Siku hizi ninafanya kazi kwa namna nyingine, na naiandika hapa ili uichukue.

Kitu kikinifikia, sikigusi kabla ya kukipiga picha kilivyo: jalada, kila ukurasa, mtupu na uliojaa, mbele na nyuma, na kila kilichochomekwa katikati kikiwa palepale kilipochomekwa. Simu ya kawaida inatosha. Mwanga wa dirishani unatosha. Ukurasa usio na picha naupiga kwa uangalifu zaidi kuliko mwingine.

Sibandui kitu. Kama kurasa zina asidi, naweka karatasi safi isiyo na asidi kati yake, nailaza albamu katika kasha, nalitia kasha mahali pakavu, mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje. Sitii picha wala barua katika plastiki inayonuka, kwa sababu harufu ile ni dalili ya kemikali zinazotoka. Sitii utepe wa gundi, sipigi pini, sifanyi laminesheni. Barua inakaa na bahasha yake, na stempu haikatwi, maana muhuri wa posta huenda ukawa ndio tarehe pekee iliyopo. Nikihitaji kuandika namba naandika kwa penseli laini, kwa nyuma, pembeni. Kama picha inaharibika kweli na lazima ibanduliwe, siikaribii mwenyewe, namtafuta aliyesomea kazi hiyo, na ukurasa unabaki.

Kabla ya karatasi, namtafuta mtu. Namuuliza mambo manne kwa kila picha: huyu ni nani, ni wa nani, hapa ni wapi, na nani aliipiga au aliileta. Namrekodi akisema, kwa lugha yake, bila kumkatiza. Kama maandishi siyawezi, siyaweki kando. Ninatafuta anayeyaweza siku hiyohiyo.

Na ninaomba ruhusa. Kosa langu la kurasa lilinifunulia jingine lililokuwa chini yake. Nilipokea albamu kutoka kwa kijana, nikafurahi, sikuuliza kama wanawake wa ukoo ule wanaafiki. Albamu ilitengenezwa na mwanamke, kwa sheria zake mwenyewe kuhusu nani aonekane na nani asionekane. Ningeuliza kwa wanawake kwanza, ningeambiwa habari ya ukurasa ule kabla sijaushika. Barua za watu zina talaka, zina madeni, zina ugonjwa, zina aibu za waliokwisha kufa ambazo watoto wao wangali hai. Mkusanyaji hana haki ya kuzisoma hadharani kwa sababu tu aliokota sanduku. Sasa kila ukoo unapata nakala ya kila ninachokipiga picha, na wao ndio wanaosema kipi kionwe na kipi kifungwe.

Nimeurudishia ukoo ule picha zote, pamoja na orodha ya majina tuliyoyapata na bi mkubwa, na ule ukurasa mmoja uliosomwa. Nilibaki na nakala kwa idhini yao. Kwenye orodha, palipokosekana jina nimeandika kwamba jina lilikuwapo na kwamba mimi ndiye niliyelipoteza, ili mtafiti ajaye asidhani mwenye albamu alikuwa mvivu. Aliandika kila mtu. Heshima hiyo ni yake.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna albamu ya zamani, iache ilivyo. Leo au kesho mwite mkubwa wa nyumba aliye hai, keti naye, fungua ukurasa wa kwanza, muulize majina na uyaandike. Usiuruke ukurasa mtupu.